Madaftari ya wiki za giza: uchambuzi wa kisa cha Kidato cha Pili, Ilemela

Darasa ni Kidato cha Pili B, wanafunzi 64, katika shule ya kata upande wa Igombe na Kayenze, kaskazini mwa Wilaya ya Ilemela, Mwanza. Somo ni Jiografia. Shule haitajwi kwa sababu kisa kimeundwa kwa ajili ya uchambuzi na namba zake ni za mfano. Hali yenyewe, mwalimu yeyote aliyefundisha mwambao huo ataitambua mara moja.

Ndani ya wiki 12 mwalimu alitoa kazi sita za nyumbani, moja kila baada ya wiki mbili. Kazi inaandikwa ubaoni Jumatatu, na monita anakusanya madaftari Ijumaa kabla ya saa nne asubuhi. Idadi ya waliokosa kukabidhi Ijumaa, kuanzia kazi ya kwanza hadi ya sita, ilikuwa hii: 23, 9, 26, 8, 21, 10.

Mstari huo ndio kisa kizima, lakini haukuwahi kuandikwa mahali pamoja. Mwalimu alikuwa na orodha ya majina ya wachelewaji kwa kila kazi, kila orodha kwenye kipande chake cha karatasi, na alichokiona ni majina yanayojirudia. Anayetazama majina peke yake huishia kusema darasa hili ni vivu. Baada ya hapo kinachobaki ni kutafuta adhabu.

Adhabu zilizojaribiwa

Kazi ya kwanza, aliyechelewa alipewa sifuri. Tuchukue mwanafunzi anayepata 68 kila anapofanya kazi. Kwa viwango vya NECTA (Baraza la Mitihani) hiyo ni B, maana B huanzia 65 hadi 74. Akipewa sifuri moja kati ya kazi sita, wastani wake unashuka hadi 56.7, yaani C. Sifuri mbili zinampeleka 45.3, C ya kuning'inia. Sifuri tatu zinampa 34, ambayo ni D. Mwanafunzi hajasahau kitu chochote cha Jiografia, lakini karatasi inayofika mezani kwa mwalimu wa taaluma inasema ni dhaifu. Atapangwa kwenye masomo ya ziada akarudie kusoma ramani anayoijua tayari, na yule asiyejua atakosa nafasi.

Kazi ya tatu, mwalimu alilegeza kidogo: alama 10 zinakatwa kwa kila siku ya kuchelewa. Huu ni utaratibu wa vyuo, na vyuoni una maana yake kwa sababu mwanafunzi ni mtu mzima anayepanga siku zake mwenyewe. Mtoto wa miaka 15 hapangi siku zake. Aliyepata 72 akachelewa siku tatu anabaki na 42: kutoka B hadi D. Aliyechelewa siku tano hana tena sababu ya kuleta daftari, kwa kuwa hata akipata 72 atabakiwa na 22, ambayo ni F. Ndiyo maana kukata alama kila siku huzaa wasioleta kabisa. Kazi ya tatu ilikuwa na wachelewaji 26, na 11 kati yao hawakuleta hadi muhula unaisha.

Baada ya hapo zikaja adhabu za mwili: kupiga magoti, kumwagilia miti, kisha fimbo. Hapa kuna jambo ambalo walimu wengi hulijua nusunusu. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua, kutoa viboko visivyozidi vinne, kwa makosa makubwa ya nidhamu, na vinaandikwa kwenye kitabu maalumu. Mwalimu wa somo anayewachapa wanafunzi 21 mlangoni kwa sababu ya madaftari yuko nje ya kanuni hizo, hata kama shule nzima imezoea. Ukiacha sheria, angalia matokeo: kazi ya tano, baada ya fimbo, wachelewaji walikuwa 21. Kazi ya sita walishuka hadi 10, na ofisini ikasemwa fimbo imefanya kazi. Lakini kazi ya nne walikuwa 8 bila fimbo yoyote.

Rejista ikisomwa kwa wiki

Weka zile namba sita juu ya kalenda inayoonyesha mwezi. Kazi ya kwanza, ya tatu na ya tano zilikusanywa siku za giza. Ya pili, ya nne na ya sita zilikusanywa siku za mbalamwezi. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu, kwa hiyo mwalimu anayetoa kazi kila baada ya wiki mbili anapishana na mwezi bila kujua: moja gizani, moja kwenye mwanga, karibu muhula mzima.

Kwa nini mwezi uhusike na Jiografia? Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Taa inawavuta kwenye wavu pale tu maji yanayoizunguka yakiwa meusi. Mwezi ukiwa mpevu mwanga umetapakaa ziwa zima na taa haina kazi. Mitumbwi hupumzika siku hizo, nyavu zinashonwa, injini zinatengenezwa. Giza likirudi, kijiji kizima kinarudi kazini. Mitumbwi inafika mwaloni (ufukoni inapotia nanga na kuuza) alfajiri, kina mama wananunua kwa ndoo, na dagaa lazima waanikwe mapema ili jua la siku moja liwakaushe: kwenye mchanga, juu ya mawe, kwenye nyavu kuukuu zilizotandazwa, au kwenye chanja kwa wenye uwezo. Wanageuzwa mchana. Jioni wanaanuliwa kabla ya umande, wanachambuliwa, wanaingia kwenye magunia. Wingu la mvua likionekana, kila aliye na mikono anakimbia, maana dagaa aliyenyeshewa akiwa nusu mkavu anaoza, na bei yake inaanguka hadi ya chakula cha kuku.

Mwanafunzi anatoka shule saa tisa. Anafika nyumbani saa kumi, anaanua na kuchambua mpaka jua lizame, na kwa Mwanza jua huzama karibu saa moja jioni. Anakula, analala, anaamshwa saa kumi na moja alfajiri kupokea ndoo. Katika wiki hiyo daftari la Jiografia halina saa yake.

Dhana hii isiaminiwe kwa kuwa inapendeza. Ihakikiwe kwa rejista ya mahudhurio. Kama ni dagaa, majina yaleyale yatakuwa pia yamechelewa kufika shuleni asubuhi katika wiki zilezile. Kwenye kisa hiki majina 14 yalilingana: yalichelewa kazi ya kwanza, ya tatu na ya tano, yakakabidhi kwa wakati ya pili, ya nne na ya sita.

Ukiwatoa hao 14, picha inasafika. Wanafunzi 7 walichelewa kazi zote sita, mwezi uwepo usiwepo. Wengine 13 walichelewa mara moja moja: malaria, msiba, daftari lililosahaulika kwa bibi. Waliobaki 30 hawakuchelewa hata mara moja. Wale 13 hawahitaji mpango wowote, na mwalimu anayewatungia sheria anapoteza muda.

Wale saba

Hili ndilo kundi gumu, na halina sababu moja.

Watatu hawakuelewa maswali. Walitoka shule za msingi walikosoma kwa Kiswahili, na sasa swali la Jiografia limeandikwa kwa Kiingereza. Maneno yanayowakwamisha siyo ya somo. Mto ni mto hata kwa Kiingereza. Kinachowakwamisha ni kitenzi cha amri: taja, eleza, linganisha, jadili. Hawajui kama jibu ni maneno matano au kurasa mbili, basi wanaliacha mpaka rafiki amalize. Njia ya kuwatambua ni rahisi: mpe mwanafunzi swali lilelile kwa mdomo, kwa Kiswahili. Akijibu vizuri, tatizo ni lugha ya swali.

Wawili wanaishi geto. Wamepanga chumba karibu na shule kwa kuwa kwao ni mbali, wanajipikia, hawana mtu mzima wa kuwaambia sasa kaa usome. Wawili waliobaki wamegundua kwamba kuchelewa kunalipa. Mwalimu anarudisha madaftari yaliyosahihishwa Jumatatu, wao wanaazima la rafiki lenye tiki nyekundu, wanadesa, wanakabidhi Jumanne. Walikuwa wakipata alama za juu kuliko nusu ya darasa. Utaratibu uliopo unawazawadia, na fimbo mbili kwao ni nauli tu.

Marekebisho

La kwanza ni rejista. Kaunta buku moja, ukurasa mmoja kwa darasa kwa muhula. Safu ya majina, kisha kwa kila kazi safu tatu nyembamba: hali, sababu, alama. Hali ina herufi tatu tu: K kwa wakati, C imechelewa, H haikuletwa. Sababu zina herufi nne: D kazi za nyumbani au mwaloni, S swali halikueleweka, V vifaa, N nyingine. Juu ya safu kuna tarehe ya kukusanya na duara dogo: limejazwa wino kama ni giza, tupu kama ni mbalamwezi. Mstari wa mwanafunzi namba 17 kwa kazi ya kwanza unasomeka: C, D, 68. Alama ni 68, haiguswi. Kuchelewa kumeandikwa pembeni, nako hakufutwi. Mzazi au mwalimu wa taaluma akiuliza, kuna taarifa mbili badala ya moja iliyochanganywa.

La pili ni tarehe. Kati ya kazi sita, tatu zibaki za nyumbani na tatu zigeuzwe mazoezi ya darasani ndani ya kipindi pacha cha dakika 80, yafanyike wiki za giza. Za nyumbani zipangwe Ijumaa ya kukusanya iangukie siku za mbalamwezi. Kalenda rahisi kuliko zote kwa kazi hii ni ya Kiislamu, kwa sababu tarehe yake ndiyo umri wa mwezi: tarehe 14 au 15 mwezi ni mpevu. Ijumaa yoyote kati ya tarehe 12 na 19 inafaa, na kila mwezi lazima kuwe na moja. Usiweke sheria ya "Ijumaa ya pili ya mwezi" kwa kalenda ya ukutani. Mwezi utakuponyoka taratibu, na baada ya muda umerudi gizani.

Kazi yenyewe itolewe Jumatano ya wiki iliyotangulia, na dakika 15 za mwisho za kipindi zitumike kuianza palepale. Hapo ndipo vitenzi vya amri vinaandikwa ubaoni pamoja na maana zake kwa Kiswahili na urefu wa jibu unaotakiwa. Wale watatu wa lugha hufaidika na dakika hizi kuliko na adhabu zote za muhula. Jumatatu inayofuata kila mwanafunzi anaonyesha nusu ya kwanza ya kazi. Mwalimu hasahihishi, anapita tu kwenye madawati na kuweka sahihi; kwa watu 64 hiyo ni dakika kama 10. Mwanafunzi ambaye nusu yake haipo Jumatatu ndiye atakayechelewa Ijumaa, na bado kuna siku nne za kumshughulikia.

La tatu ni kipindi cha nyongeza chenye mwisho. Siku ya kukusanya ni Ijumaa. Mlango wa mwisho ni Jumatano baada yake, saa nane mchana. Katikati, aliyechelewa hakatwi alama. Anakaa mapumziko ya mchana, dakika 40, kwenye chumba kimoja chini ya mwalimu wa zamu, anaandika mpaka amalize. Usipange kipindi hiki baada ya masomo: mtoto wa dagaa atatoroka kwa sababu anaitwa nyumbani, na mtoto wa geto ana moto wa kuwasha. Baada ya mlango wa mwisho kazi ileile haipokelewi. Anapewa toleo la pili: kama wenzake walichora sehemu ya mto katika hatua ya ujana, yeye anachora hatua ya uzee.

Hapo ndipo biashara ya kudesa inapokufa, kwa sharti moja: daftari lolote lililosahihishwa lisirudi darasani kabla ya Jumatano saa nane. Kwa kazi zilizoletwa kati ya Ijumaa na Jumatano, mwalimu amuulize mwenye daftari swali moja la mdomo kutoka kwenye kazi yake mwenyewe. "Umeandika mto hapa unachimba chini kuliko pembeni. Kwa nini?" Dakika mbili zinatosha. Aliyeandika mwenyewe atajibu hata kwa kigugumizi.

Kuna swali la haki kwa wale 30 wanaokabidhi kwa wakati, na ni la kweli. Wakiona mchelewaji hapotezi kitu, muhula ujao nao watasubiri Jumatano. Wapewe kitu ambacho wengine hawapati: maoni ya maandishi. Daftari la Ijumaa linapata alama na sentensi mbili za mwalimu, la nini kiko sawa na nini kirekebishwe. Daftari la Jumatano linapata alama peke yake. Mwalimu naye anapumua. Kusahihisha daftari moja kwa dakika nne ni zaidi ya saa nne kwa darasa hili, na mwenye mikondo miwili ana saa nane na nusu. Madaftari yanayodondoka moja moja wiki nzima ndiyo yanayommaliza. Mafungu mawili yenye tarehe yanabebeka.

Kwenda kwa mzazi

Barua ya kumwita mzazi wa mwaloni asubuhi ya siku ya giza ni kumwomba aache ndoo zake zioze. Hatakuja, au atakuja na hasira. Ni bora mwalimu aende jioni, siku za mbalamwezi, wakati watu wamekaa. Salamu zitangulie zote.

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwalimu, karibu."
"Asante. Poleni na kazi."
"Tumeshapoa. Huyu kafanya nini tena?"
"Hajafanya kosa, mama. Kichwa anacho. Nimekuja kuomba saa moja. Siku za giza, akishaanua na kula, akae na daftari hiyo saa moja kabla hajalala."

Ombi ni saa moja, yenye mahali na taa. Mwalimu akianza na "mwanao asifanye kazi ya dagaa," mazungumzo yamekwisha, kwa kuwa sare na daftari vimetokana na dagaa haohao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yenyewe inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, mradi isidhuru masomo. Lakini mvulana anayepanda mtumbwi usiku kuvua yuko kwenye jambo jingine kabisa. Hilo siyo la daftari wala la mwalimu wa Jiografia peke yake. Linakwenda kwa mkuu wa shule na afisa ustawi wa jamii, siku hiyohiyo.

Mwalimu asiwaite hao 14 mbele ya darasa "watoto wa dagaa". Herufi D iko kwenye rejista yake na ibaki humo.

Panapoharibika

Mpango huu huvunjika zaidi ofisini kuliko darasani. Jiografia ikihamia Ijumaa ya mbalamwezi, Biolojia na Historia nazo zikasikia na kuhamia hukohuko, mtoto ana kazi nne siku moja. Jedwali lining'inizwe ofisi ya walimu, na siku moja isibebe zaidi ya masomo mawili. Mwalimu wa taaluma alishike yeye, maana likiachwa kwa makubaliano ya mdomo halifikishi wiki tatu.

Pengine mkuu wa shule anataka alama za mwezi tarehe 28 na mlango wa mwisho ni tarehe 30. Mwalimu aandike "bado" kwenye fomu, asiandike sifuri. Sifuri iliyokwisha kuingia kwenye jumla hairudi nyuma kirahisi hata kazi ikiletwa kesho yake.

Wapo pia watakaojifunza herufi D haraka. Mwanafunzi wa mtaa usio na mwalo hata mmoja ataanza kusema alikuwa anaanika. Rejista ya mahudhurio inamjibu bila ugomvi: kama alifika shule kabla ya saa moja na nusu wiki nzima ya giza, sababu yake inaandikwa N na anakaa mapumziko ya mchana kama wengine.

Kwa wale saba, mpango wa mwezi hauwasaidii, na mwalimu asishangae akiona kazi za mbalamwezi bado zina wachelewaji. Wadesaji wawili hubadilika ndani ya kazi mbili, mara tu toleo la pili linapoanza kutumika. Wale wa lugha huchukua muda mrefu zaidi. Dalili ya kwanza ni kwamba wanaleta nusu ya kazi Jumatatu, hata kama Ijumaa hawajamaliza. Wa geto wanahitaji meza na taa, na njia ya karibu zaidi ni kuomba wakae na wanafunzi wa Kidato cha Nne kwenye prepo ya jioni kama shule inayo. Isipokuwepo, dakika 40 za mchana ziwe zao kila siku, kazi iwepo isiwepo.

Shule za mjini, katika wilaya jirani ya Nyamagana, zisinakili tarehe hizi. Mitaa ya huko kama Igoma na Buhongwa haiishi kwa kuanika dagaa. Huko mstari wa namba unaweza kufuata siku za gulio, au usifuate chochote. Mwalimu wa huko aandike wachelewaji wa kazi nne mfululizo kwenye mstari mmoja, pamoja na tarehe, kabla hajaamua lolote.